Kung'oa sakafu ya mbao na kumwaga jamvi lenye kihami joto: mwongozo kamili kwa nyumba za zamani za Uingereza

Ukiingia kwenye nyumba ya safu iliyojengwa Uingereza kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, piga kisigino sakafuni karibu na dirisha la mbele. Kama glasi za kabatini zinalia, umesimama juu ya mbao zilizolala juu ya uwazi. Chini ya zulia kuna mbao za sakafu, chini yake boriti za inchi 4 kwa 2, na boriti zimekaa juu ya vikuta vifupi vya matofali. Chini ya hapo ni hewa tupu, futi moja au mbili, halafu udongo. Waashi wa zamani waliiacha hewa hiyo kwa makusudi. Inaingia kwa matofali yenye matundu yaliyo chini ya ukuta wa mbele, inapita chini ya nyumba nzima, inatokea nyuma, na inaondoka na unyevu wa ardhi.

Sisi tuliofundishwa uashi Tanga, Mombasa au Dar es Salaam tunalijua jamvi, yaani sakafu ya zege inayokaa juu ya ardhi. Ndiyo maana ndugu zetu wengi walionunua nyumba hizi huona kazi ni nyepesi: ng'oa mbao, jaza kifusi, tandika nailoni, mwaga zege. Kuna mambo mawili ambayo nyumbani hatukuyahitaji na kwa hiyo hatukufundishwa: kihami joto (bodi za kuzuia joto lisipotee) chini ya zege, na njia ya hewa ya chumba cha pili. Ukisahau la kwanza, utakanyaga baridi kila asubuhi na kulipa gesi bure. Ukisahau la pili, utaiozesha nyumba.

Nalisema kwa sababu nimelifanya. Miaka yangu ya mwanzo huku nilimwaga jamvi la chumba cha mbele kwa mama mmoja mwenyeji wa Mombasa, kwenye nyumba yake ya matofali mekundu mjini Leicester. Kazi ilitoka safi. Yale matundu ya ukuta wa mbele niliyaziba, maana sikuona tena yana kazi gani. Baada ya miaka mitatu akanipigia simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fundi, njoo uone chumba changu cha nyuma. Kinanuka uyoga."

Nilifunua ubao mmoja tu. Bisibisi iliingia kwenye boriti mpaka mpinini bila kusukumwa, ikatoka na maji. Mbao ilikuwa imepasukapasuka vipande vya mraba kama mkaa uliozimwa, na juu ya matofali zilitambaa nyuzi za kijivu, nene kama uzi wa kushonea viatu, zikitafuta mbao nyingine ya kula. Sakafu ile ilikaa miaka zaidi ya 90 ikiwa nzima. Mimi niliimaliza kwa mitatu. Niliirudia kazi kwa fedha zangu, na tangu siku hiyo habari ya hewa naiweka mbele ya habari ya zege.

Je, ni lazima uing'oe?

Uliza hili kabla ya kushika mtaimbo. Sakafu ya mbao iliyo nzima inaweza kuwekewa kihami katikati ya boriti, matundu ya hewa yakasafishwa, na ikaendelea miaka mingi kwa sehemu ndogo ya gharama ya jamvi. Kodi au nunua kipimo cha unyevu wa mbao, kile chenye sindano mbili, uchome boriti sehemu mbalimbali, hasa ncha zilizoingia ukutani. Chini ya asilimia 20, mbao iko salama. Ikipita hapo, kuvu wanaweza kuishi humo.

Halafu tafuta chanzo, kwa sababu mbao haiozi kwa uzee. Mara nyingi utakuta mtu ameinua sakafu ya uani hadi juu ya matundu, au mfereji wa paa umekuwa ukivuja mwaka mzima, au bomba linatiririka chini kwa chini. Chanzo hicho kinatengenezwa kwanza, hata kama umeshaamua kumwaga zege. Ukimwaga zege juu ya bomba linalovuja, umelizika tatizo mahali ambapo hutalifikia tena.

Jamvi lina haki yake pale ambapo boriti zimekwisha kuoza kwa sehemu kubwa, au unataka mabomba ya kupasha joto sakafuni, au unaunganisha jiko la zamani lenye sakafu ya zege na chumba cha mbao ili usawa uwe mmoja. Kwa nyumba za zamani sana zenye kuta nene za mawe na chokaa, zisizo na mkanda wowote wa kuzuia unyevu, ningekushauri utafute fundi wa zege la chokaa linalomwagwa juu ya vipande vya kioo chenye povu. Kuta za aina hiyo zinahitaji kupumua. Zege la saruji lenye nailoni chini yake husukuma unyevu wa ardhi pembeni, na ukuta ndio huupokea.

Watu wa kuwaona kabla ya kuanza

Kubadilisha sakafu kunaingia kwenye kanuni za ujenzi, kwa hiyo toa taarifa kwa ukaguzi wa majengo wa halmashauri, au Building Control kama wanavyouita. Usiwaogope. Mkaguzi atakuja kuangalia kifusi, nailoni na kihami kabla hujafunika, na mwisho utapata cheti ambacho mwanasheria wa mnunuzi atakiuliza siku utakapouza nyumba. Kwa England, kanuni zilizoanza Juni 2022 zinataka sakafu mpya ndani ya nyumba ya zamani isipitishe joto zaidi ya wati 0.18 kwa mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto. Wales, Scotland na Ireland Kaskazini wana kanuni zao. Mkaguzi ndiye atakayekuambia unene anaoukubali kwa chumba chako, na watengenezaji wa bodi za kihami hukupigia hesabu hiyo bila malipo ukiwapa vipimo.

Kama utachimba ndani ya mita 3 kutoka nyumba ya jirani na kwenda chini kuliko msingi wake, sheria ya mwaka 1996 ya kuta za pamoja inakutaka umpe notisi ya maandishi mwezi mmoja kabla. Kwa kawaida kazi hii haihitaji kuchimba kina hicho, lakini kwenye nyumba za safu msingi ni wa matofali machache tu na upo karibu kuliko unavyodhani. Hata bila sheria, mgongee mlango jirani umwambie. Mashine ya kushindilia itamtikisia vyombo siku nzima.

Maeneo kama Cornwall, Devon na Derbyshire yana gesi ya radoni inayotoka ardhini. Haina harufu wala rangi, na huleta saratani ya mapafu. Angalia ramani ya radoni kwa anwani yako. Ukiwa kwenye eneo lake, nailoni utakayotandika ni ile maalumu ya radoni na maungio yake yanazibwa kwa uangalifu mkubwa zaidi.

Jambo la mwisho hapa ni asbesto, madini ya nyuzi ambayo vumbi lake huharibu mapafu. Uingereza iliipiga marufuku kabisa mwaka 1999, lakini nyumba nyingi ni za kabla ya hapo. Ukiinua zulia ukakuta vigae vigumu vya mraba vya rangi nyeusi au kahawia, na gundi nyeusi ya lami chini yake, acha. Usivunje wala usifagie. Peleka kipande kidogo maabara kwanza.

Kupima na kuhesabu

Usawa wa mwisho wa sakafu unauchukua kutoka ujiani au chumba kisichoguswa. Piga mstari wa leza, au vuta mpira wa maji kama tulivyofundishwa, uchore alama kuzunguka kuta zote, mita moja juu ya usawa wa mwisho. Vipimo vyote vitatoka kwenye mstari huo mpaka siku ya mwisho.

Nichukue chumba cha mita 4 kwa 3.6, yaani mita za mraba 14.4, chenye milimita 600 kutoka juu ya mbao mpaka udongo. Kutoka juu kwenda chini nitahitaji mm 15 za mbao au vigae vya mwisho, mm 100 za zege, mm 150 za kihami, mm 25 za mchanga, halafu kifusi. Jumla bila kifusi ni 290, kwa hiyo kifusi kitakuwa mm 310. Kanuni haziruhusu kifusi kuzidi mm 600 chini ya jamvi la namna hii, kwa sababu kifusi kirefu hutitia na zege hubaki hewani. Uwazi ukiwa mrefu sana, acha wazo la jamvi la ardhini na zungumza na mhandisi kuhusu mihimili ya zege yenye matofali katikati.

Sasa uzito. Kifusi cha mm 310 kwenye chumba hiki ni mita za ujazo karibu 4.5 baada ya kushindiliwa, sawa na tani 9 hivi. Zege ni mita za ujazo 1.44, karibu tani 3 na nusu. Vyote vitapita kwenye mlango wa mbele kwa toroli. Ndiyo maana mara nyingi naongeza kihami cha bei nafuu cha EPS (lile povu jeupe) chini ya bodi za PIR (povu gumu lenye foili) badala ya kubeba tani nyingine mbili za mawe. Mgongo unashukuru na sakafu inazidi kuwa na joto.

Kwa kihami chenyewe, PIR ndiyo inayozuia joto vizuri kwa unene mdogo. Bodi moja ya mita 2.4 kwa 1.2 inafunika mita za mraba 2.88, kwa hiyo chumba hiki kinakula bodi 5 kamili. Nunua 6 kwa ajili ya vipande vya pembeni. Katika nyumba ya safu yenye ukuta mmoja tu unaotazama nje, mm 100 mara nyingi zinafika kiwango, lakini penye nafasi mimi naweka 150. Hutapata nafasi ya kuongeza baadaye.

Kubomoa

Zima umeme na maji ya chumba hicho. Ng'oa mbao za skatingi, zile zinazozunguka chini ya kuta, kwa utaratibu, maana za zamani ni nzuri na utazirudisha. Inua mbao za sakafu kuanzia mlangoni kwenda dirishani, kisha kata boriti katikati na uzivute kutoka ukutani.

Lakini kabla ya kukata boriti yoyote, angalia imebeba nini. Kuta nyepesi za kugawa vyumba mara nyingine zimesimama juu ya boriti bila msingi. Ngazi ya ghorofani mara nyingi imeegemea mbao hizihizi. Nimeona mtu akikata boriti iliyoshika ngazi, na ngazi ikashuka kidole kizima. Vitu hivyo vinawekewa egemeo la muda, kisha msingi wao mdogo wa matofali au zege, kabla hujagusa chochote.

Vikuta vifupi vya kubebea boriti vivunje mpaka vibaki chini ya usawa wa kihami. Matofali yake yanaweza kuingia kwenye kifusi yakipondwa, ila yasiwe na lipu. Lipu ya jasi ina salfeti, na salfeti ikikutana na saruji kwenye unyevu zege huvimba na kupasuka. Kwa sababu hiyohiyo usichukue kifusi cha bure kutoka kwa mtu usiyejua kilikotoka.

Tundu kila moja lililokuwa na ncha ya boriti lisafishwe na kuzibwa kwa tofali na chokaa cha saruji. Toa kila kipande cha mbao, mizizi, magazeti ya zamani na vumbi la mbao kutoka kwenye udongo. Kama ulikuta zile nyuzi za kijivu nilizozitaja, ule ni ugonjwa mwingine. Kuvu huyo hupenya matofali mpaka chumba cha pili, na mbao zote alizozigusa, pamoja na sehemu inayoonekana nzima jirani yake, zitoke.

Msingi usiuchimbe kwa chini kwa sururu. Kama lazima ushuke kidogo kupata kina, ishia juu ya matofali ya mwisho ya msingi, kamwe usiende chini yake.

Hewa ya chumba cha nyuma

Hapa ndipo ninapokuomba utulie.

Toka nje uhesabu matundu ya hewa ya mbele na ya nyuma, uyachore kwenye karatasi. Kama nyumba nzima unaitolea mbao siku moja, matundu yote yanaweza kuzibwa. Lakini kama ujia, chumba cha nyuma au nyumba ya jirani bado vina mbao, kuna hewa iliyokuwa inapita chini ya chumba chako kwenda huko, na wajibu wa kuifikisha sasa ni wako.

Kila tundu la mbele linapata bomba lake. Tumia bomba la plastiki la maji machafu la mm 110 au lile la mm 100, kutoka nyuma ya tofali la matundu mpaka ndani ya uwazi wa chumba cha pili. Lilaze ndani ya kifusi, chini ya kihami. Likipita juu ya kihami litapeleka hewa ya Januari moja kwa moja kwenye zege lako. Lipe mwinamo kidogo kuelekea nje ili maji yakiingia yatoke. Kwenye ukuta wa mbele, pale tofali la matundu lilipo juu kuliko bomba, kuna kifaa cha plastiki chenye umbo la ngazi kinachounganisha vimo viwili tofauti, na ni cha bei ndogo.

Usibane mabomba yote upande mmoja. Kona ambayo hewa haiifikii ndiyo inayoanza kuoza. Kwenye nyumba zinazogusana, boriti za ujiani mara nyingi zinapumua kupitia chumba cha mbele tu, kwa hiyo ujia nao upate bomba.

Pale chumba chako kinapokutana na uwazi wa chumba kisichoguswa, kifusi kitataka kumwagikia upande wa pili. Jenga ukuta mdogo wa matofali wa kukizuia, bomba lipite katikati yake, na nailoni ya sakafu ipande kwenye ukuta huo. Zege lisiguse ncha za boriti za upande wa pili hata kidogo.

Ukimaliza, kabla ya kufukia, washa njiti ya ubani au udi mbele ya bomba upande wa ndani siku yenye upepo. Moshi ukivutwa, hewa ipo. Usipovutwa, tafuta kizuizi sasa hivi wakati bado unaweza.

Mabomba na nyaya

Bomba la maji la risasi, ambalo nyumba nyingi za kabla ya mwaka 1970 bado zinalo, libadilishe wakati sakafu iko wazi. Bomba la gesi aliguse fundi aliyeandikishwa Gas Safe peke yake, na likipita kwenye zege liwe ndani ya bomba la kinga. Mabomba ya shaba yavalishwe, maana yakiwa wazi ndani ya zege yanaweza kuliwa.

Kifusi na mchanga

Agiza mawe yaliyopondwa yenye mchanganyiko wa saizi, ambayo maduka ya huku yanayaita MOT Type 1. Yamwage kwa matabaka yasiyozidi mm 150, na kila tabaka ulishindilie kwa mashine mpaka mguu wako usiache alama. Ukijaza mm 310 kwa mkupuo mmoja, mashine itashindilia juu tu na chini kutabaki kulegea. Karibu na mabomba ya hewa shindilia kwa mkono.

Juu ya kifusi tandaza mchanga mm 25, uuvute kwa rula ndefu ya alumini. Kazi yake ni kuzuia ncha za mawe zisitoboe nailoni, na kukupa usawa wa kulaza kihami. Mchanga ukiwa na mawimbi, bodi zitacheza, na bodi inayocheza hupasua zege linaloilalia.

Nailoni

Iwe nzito, mikroni 300, ambayo wauzaji wanaiita geji 1200. Vipande vipishane angalau mm 150 na viunganishwe kwa mkanda wake wa pande mbili. Kwenye kona kunja kama unavyofunga zawadi, usikate.

Nailoni ipande ukutani mpaka ikutane na mkanda wa kuzuia unyevu uliomo ukutani, ambao mafundi wote wanauita DPC. Kwenye nyumba za zamani mara nyingi ni vipande vya slati (jiwe bapa) vilivyolazwa kati ya kozi mbili za matofali. Nailoni na DPC vikipishana, unyevu unakosa mlango. Vikiachana kwa kozi moja tu, utauona mwaka wa kwanza kwa rangi inayobambuka juu ya skatingi. Huko nje nako udongo uwe angalau mm 150 chini ya DPC. Kama sio, chimba uondoe, kwa sababu nailoni ya ndani haiwezi kuzuia maji yanayoingilia juu yake.

Kuanzia hapa kila mtu avae viatu vya soli laini. Kagua nailoni nzima kwa tochi, uzibe kila tundu.

Kihami

Laza bodi zikiwa zimebanana, maungio yapishane kama ya kozi za matofali. Ukiwa na matabaka mawili, maungio ya juu yasiangukie ya chini. Nafasi zinazobaki zijaze povu la kopo, kisha ziba maungio kwa mkanda wa foili.

Halafu simamisha ukanda wa kihami wa mm 25 kuzunguka kuta zote, kimo chake kifike juu ya zege. Huu ukanda wengi wanauruka wakidhani ni pambo. Zege likigusa ukuta wa nje moja kwa moja, joto linatoka kupitia ukingo huo, na ukingo ukiwa na baridi mvuke wa chumbani unageuka maji hapohapo kwenye kona. Skatingi na lipu zitauficha unene wake.

Juu ya kihami tandika nailoni nyepesi, geji 500. Inazuia maji ya saruji yasiingie kwenye maungio, na inailinda ile foili ya alumini, kwa sababu saruji mbichi huila alumini. Kama unaweka mabomba ya kupasha joto, yabane hapa juu, yajaze maji, yapime kwa shinikizo la baa 6, na yabaki na shinikizo wakati wa kumwaga. Mtu akiyatoboa kwa chepe utaona mshale ukishuka papo hapo.

Zege

Weka wavu wa chuma wa A142, ule wa nondo za mm 6 kila mm 200, ukiinuliwa kwa vikalio vya plastiki ili ukae ndani ya zege. Ukilala chini juu ya nailoni haufanyi kazi yoyote.

Kwa mita za ujazo 1.44, agiza 1.6. Unaweza kuchanganya mwenyewe kwa uwiano wa 1:2:4, na utatumia mifuko kama 20 ya saruji. Kumbuka mfuko wa huku ni kilo 25, nusu ya ule wa nyumbani. Lakini kwa chumba kizima ushauri wangu ni lori linalochanganya zege palepale nje. Unalipia ulichotumia, na zege lote linakuwa la siku moja na nguvu moja. Waambie ni sakafu ya nyumba yenye wavu ndani, watakupa daraja linalofaa. Andaa toroli mbili, njia ya mbao juu ya kihami, na watu wanne. Siku ya baridi chini ya nyuzi 5, ahirisha.

Vaa glavu na buti ndefu, na magoti yafunikwe. Kwetu tumezoea kukanyaga zege peku, na ninawaonea huruma wote tuliofundishwa hivyo. Saruji mbichi huunguza ngozi polepole bila kuuma mwanzoni, na mtu hugundua jioni wakati nyama imeshaliwa. Ikiingia kwenye buti, vua na uoshe kwa maji mengi hapohapo.

Anza kona iliyo mbali na mlango. Sukuma zege pembeni kwa chepe ili hewa itoke, pima kutoka kwenye ule mstari wa mita moja, kisha watu wawili wavute rula kwa mwendo wa msumeno. Usiongeze maji ili liwe laini kuvuta. Kila ndoo ya ziada inapunguza nguvu na inaongeza wiki za kukauka. Maji ya juu yakishapotea na kidole kikiacha alama ndogo, sugua kwa ubao, kisha mwiko wa chuma. Niru (saruji laini ya kung'arisha juu) usipige kama utabandika vigae, gundi haitashika vizuri.

Kusubiri

Funika kwa nailoni siku 7. Nyumbani tungemwagilia maji. Huku kufunika kunatosha, kwa sababu jua halipo. Baada ya siku mbili au tatu unaweza kulikanyaga taratibu.

Kushika ni jambo moja na kukauka ni jingine. Hesabu ya mafundi ni siku moja kwa kila milimita mpaka mm 50 za kwanza, na baada ya hapo kila milimita inachukua muda mrefu zaidi. Jamvi la mm 100 lenye nailoni chini linatoa maji upande mmoja tu, kwa hiyo tarajia miezi 6 kabla ya mbao au vinaili (sakafu ya plastiki). Usiharakishe kwa kuwasha joto la sakafuni kwa nguvu, zege litapasuka. Fungua madirisha kila siku kavu, na uweke mashine ya kukausha hewa.

Usiamini macho. Zege likiwa jeupe juu bado lina maji katikati. Kibandike kisanduku cha kupimia unyevu juu yake, kizibwe pembeni, kikae siku tatu au zaidi, kisha usome. Mbao na vinaili vinataka isomeke asilimia 75 au chini.

Kwa yule mama wa Leicester, chumba cha nyuma tulikimwagia jamvi upya, na ujia uliobaki na mbao nikaupitishia mabomba mawili kutoka ukuta wa nyuma na kuufungulia matundu mapya chini ya kizingiti cha mlango wa mbele. Kisanduku mara ya kwanza kilisoma 83. Mama alitaka sana kurudisha zulia kabla ya Idi, nikamwomba radhi, tukatandika mkeka. Wiki tisa baadaye kilisoma 74, ndipo nikapakia mbao kwenye gari.